Baba Mkwe, Raketi na Ukuta wa Shule

Raketi mbili za tenisi zilining'inia kwenye msumari katika ofisi ya baba mkwe wangu, kando ya kengele ya shule, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua ni za nini. Mama mkwe alizichunguza akasema ni chekeche, ila aliyezisuka alikuwa mvivu, maana matundu yalikuwa makubwa mno. Watoto wa darasa la pili walisema ni za kukamatia kumbikumbi. Baba mkwe mwenyewe, aliyekuwa mwalimu mkuu, aliambiwa jina la mchezo na watu wa ofisi ya elimu waliozileta, lakini jina halimfundishi mtu kucheza.

Shule ile ilikuwa nje kidogo ya Bungoma, upande wa kwenda Mabanga, na yeye ndiye aliyeianzisha. Hakuwahi kwenda chuo. Alijifunza kusoma misheni, akarudi kijijini, akakusanya watoto chini ya paa la nyasi, na miaka ilivyokwenda akawahimiza wazazi wachome matofali hadi likasimama jengo zuri lenye paa la mabati. Udongo wa matofali yale aliukanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Ukimsema yeye alikusamehe, lakini ukiisema vibaya shule yake, hamkunywa chai pamoja tena.

Basi katika miaka ya hamsini ikaja amri kutoka kwa wakubwa wa elimu. Walimu wakuu wasio na cheti wangetembelewa na mkaguzi, na kila mmoja angefundisha mbele yake kusoma, hesabu na mazoezi ya viungo. Aliyeshindwa angekabidhi shule kwa kijana kutoka chuoni. Kusoma na hesabu hakuviogopa. Mazoezi ndiyo yaliyomkondesha, kwa sababu drili aliyoijua ilikuwa mikono juu, mikono chini, geuka kulia, na sasa mkaguzi alitaka kuona watoto wakifundishwa mchezo wa raketi.

Mimi wakati huo nilikuwa Kitale. Mume wangu alikuwa karani kwenye bohari ya reli, nami nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya Waafrika karibu na stesheni. Kulikuwa na memsahibu mmoja, mke wa Mzungu mkulima wa mahindi, ambaye alikuja shuleni kwetu alasiri fulani na gunia la raketi zilizochakaa. Klabu yao ilikuwa imepata mpya. Wengine wangetupa gunia mlangoni na kwenda zao, lakini yule mama alivua kofia, akakunja mikono ya blauzi, akatufundisha sisi walimu wanawake nyuma ya shule mpaka jua likashuka. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Sikuelewa kwa nini alijisumbua, na sikumwuliza. Nilimshukuru kwa kujifunza.

Tulicheza na leso kiunoni na viatu tumevua. Alitufundisha kushika raketi kama mtu anayemsalimia mwenzake kwa mkono. Alitufundisha kupinda magoti, kuutazama mpira hadi uguse nyuzi, na kuusikiliza. Hilo la kusikiliza ndilo lililonipendeza kuliko yote. Mpira ukipigwa katikati ya nyuzi hutoa sauti nzito iliyoshiba, na ukipigwa kwenye mbao ya ukingo hulia kama kopo tupu. Baada ya muda niliweza kufumba macho nikajua nani kapiga vizuri na nani kaharibu.

Agosti shule zilipofungwa nilipanda gari la moshi, kisha basi, nikaenda nyumbani kwa wakwe kusaidia mavuno. Nilimkuta mama mkwe na uso mrefu. Alinieleza habari ya mkaguzi tukiwa jikoni, akasema mzee hali chakula vizuri, na kwamba usiku anageuka kitandani kama samaki kwenye sufuria. Nikamwambia kwamba mimi ule mchezo naujua. Akaacha kupepeta mahindi, akaniangalia, akainuka bila neno na kwenda kumwambia mumewe.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na mtu asiye wa kwetu ni lazima nimweleze. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Hampeani mkono. Hamketi kiti kimoja. Ukitaka kumpa kitu unakiweka chini, unasogea, naye anakiokota. Mkikutana njiani unapisha kando na kutazama majani. Vijana wa leo wakisikia haya wanaona ni mateso. Mimi sikuona hivyo. Mzee yule hakuniita kwa ukali hata siku moja, na mimi sikuwahi kuingia alipokuwa akila. Heshima si utumwa, na nyumba ile ilikuwa na utulivu ambao sijauona katika nyumba nyingi za watu wanaokumbatiana.

Lakini tenisi haikutungwa na watu wenye wakwe. Tulifunga kamba kati ya miti miwili kwenye uwanja wa shule, akasimama upande wake na mimi wangu, raketi mkononi. Ili kumpelekea mpira ilibidi nimtazame. Ilibidi pia nimrushie kitu, na kumrushia baba mkwe kitu ni tusi ambalo hata mlevi hafanyi. Tukasimama, kila mmoja akitazama nyasi zake. Mama mkwe, aliyekuja kushuhudia, alianza kucheka taratibu, akaendelea kucheka hadi akaketi chini.

Mzee alikohoa. Akamwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia, kwamba labda Mungu hakupenda.

Usiku ule sikulala, nikiliwaza hilo. Nilikumbuka kwamba Kitale, tulipongoja zamu zetu, memsahibu alitupeleka kupiga mipira kwenye ukuta wa ghala. Ukuta hauna ukoo. Asubuhi iliyofuata nilimpa mama mkwe ujumbe: mzee asimame nje ya darasa la mwisho, mbele ya ukuta usio na dirisha, apige mpira na kuupokea unaporudi. Mimi ningekaa ndani ya darasa, nyuma ya ukuta huo huo, nikisikiliza. Sauti ingeniambia yote. Na mama angeketi kwenye kona ya jengo, ambapo aliweza kutuona sote wawili, apeleke maneno.

Aliletewa kigoda na ungo wa maharagwe ya kumenya. Sijapata kumwona mkalimani aliyependa kazi yake kama yeye.

Nilianza na namna ya kushika. Nikasema ashike raketi kama anayeisalimia kwa mkono.

"Ati uisalimie," mama akapeleka.

Halafu mzee akauliza aisalimie namna gani, kama mgeni, au kama rika lake.

"Mzee anauliza ni salamu ya nani," mama akaniletea.

Nikasema kama mtu anayempenda lakini hana deni naye. Mama alilifikisha neno hilo kwa namna yake mwenyewe, na nikasikia mzee akicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Kisha ukaja mpira. Nilisikia kopo, kopo, halafu hakuna kitu, halafu miguu ikikimbia kwenye kunde za jirani. Kilichonishangaza ni kwamba, kwa maelezo ya mama, mipira iliyompita haikuwa mbali. Nilimwuliza mama mzee anasimamaje. Akasema amesimama wima kabisa, magoti yamekazwa, macho yametazama mbele bila kupepesa. Nikaelewa. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara, na vijana waliokuwa wakisubiri kutahiriwa walipita barabarani kila siku wakipiga kengele kualika jamaa. Mzee alisimama mbele ya mpira jinsi wanaume wa kwetu wanavyofundishwa kusimama mbele ya kisu. Hata kidole hakitikisiki. Alidhani ushujaa ni ule ule.

Mimi nisingeweza kulitamka jambo hilo hata kwa kupitia watu kumi. Nilisema tu kwamba apinde magoti na kuufuata mpira kwa macho. Mama ndiye aliyemalizia.

"Ati upinde magoti. Na mimi nakwambia hivi, baba yao, hapa hakuna kisu. Hiyo ulimaliza zamani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Niliogopa tumemkasirisha. Halafu nikasikia mpira ukigonga ukuta, ukadunda, na sauti nzito iliyoshiba ikapita kwenye matofali hadi mgongoni kwangu. Nilirukaruka peke yangu kati ya madawati kama mtoto.

Tuliendelea hivyo kila asubuhi kabla ya kazi za shamba. Nilijifunza mengi kuliko yeye. Kitale nilikuwa nimefundishwa kucheza, lakini kufundisha ni kitu kingine. Ukimwona mtu unaweza kumwonyesha kwa mkono, ukasema fanya hivi, ukadhani umefundisha. Usipomwona ni lazima utafute neno linaloingia, na kama halikuingia utafute lingine. Niligundua kwamba mzee haelewi "taratibu" lakini anaelewa "kama unamwagia mche maji". Haelewi "zungusha bega" lakini anaelewa "kama unavuta mlango wa zizi". Baadaye nilikwenda chuo, nikafundisha michezo katika shule za Bungoma hadi nywele zikageuka rangi, na katika maisha hayo yote sikupata darasa lililonipa akili kama kile chumba chenye vumbi la chaki na mtu mmoja nje.

Naye alikuwa na juhudi za kutisha. Alichonga vibao kutokana na mbao za masanduku, vingi vya kutosha darasa zima, akavisugua kwa majani makavu ya msasa visiwachome watoto. Mipira tuliitengeneza kwa kukata mipira ya ndani ya baiskeli na kuizungusha mpaka inadunda. Haikudunda sana, lakini ilidunda. Wazee wa rika lake walipita wakamwona akirukaruka mbele ya ukuta, wakauliza kama ametiwa kitu kwenye chai. Aliwaambia waende wakalime.

Shule zilipofunguliwa, mume wangu aliniombea ruhusa Kitale nibaki siku chache, kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja juma hilo. Alifika kwa motokaa yenye matope, Mzungu mrefu wa makamo, si mkali, mwenye haraka ya mtu aliyetembelea shule nyingi. Wazazi walikuwa wamekuja pia, na wale wazee wa rika walikaa kwenye mabenchi kando ya baraza, wamevaa makoti. Kila mtu alijua shule iko mizanini.

Kusoma kulipita. Hesabu ikapita. Kwa mazoezi ya viungo, mimi niliingia mahali pangu nyuma ya ukuta, mama akashika kona yake, bila maharagwe siku hiyo.

Mzee alipanga watoto safu mbele ya ukuta, kila mmoja na kibao chake, akawafundisha kwa maneno yale yale. Isalimie. Mwagia mche maji. Vuta mlango wa zizi. Ukuta mzima ulikuwa unanguruma, na vumbi la chaki lilinidondokea kichwani. Nilifunga macho nikatabasamu. Mama alichungulia akaniambia mkaguzi anaandika na uso wake ni mzuri.

Tungeishia hapo. Lakini mkaguzi akasema, kwa Kiswahili chake cha shambani, kwamba ukuta ni mzuri lakini mchezo ni watu wawili. Akavua koti. Akaagiza kamba ifungwe kwenye miti, akachukua raketi moja, akampa mzee nyingine, akaenda ng'ambo.

Katika asubuhi zote zile, mzee hakuwahi kucheza na mtu. Alikuwa hodari, lakini hodari wa ukuta. Mimi nilimfundisha hivyo kwa kuwa heshima ilituzuia njia nyingine, na wala haikunijia akilini kwamba kuna siku angesimama mbele ya mtu.

Nikangoja sauti. Mkaguzi alipiga, nilisikia nyuzi zake. Kisha kimya. Alipiga tena, kimya tena, na watu wakaguna. Mama aligeuka akaniangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kuleta. Nilitoka nikachungulia kwenye kona kwa nyuma yake. Mzee alikuwa amesimama karibu kabisa na kamba, pale pale ambapo angesimama kama kamba ingekuwa matofali. Alikuwa anangoja mpira urudi ulikotumwa. Ukuta humrudishia mtu kile alichoupa, lakini mkaguzi alikuwa anapeleka mpira anakotaka yeye, mrefu, juu ya bega la mzee. Ulimpita wa tatu. Mkaguzi aliangalia saa yake kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko dharau.

Nilimwona mzee akifuta jasho kwa kiganja. Alitazama jengo lake mara moja, haraka, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. Sikufikiri zaidi. Nilipita mbele ya mama mkwe, mbele ya mabenchi ya wazee, nikasimama kwenye ukingo wa uwanja, nikamtazama baba mkwe wangu usoni.

"Baba, mtu si ukuta," nikasema. "Rudi nyuma umngoje."

Mzee mmoja kwenye benchi alishika mdomo wake. Mke wa mwana alikuwa amempazia sauti mkwewe hadharani, amemwamuru, na amemwangalia macho kwa macho. Maji yalikuwa yamemwagika na hayazoleki. Sikuondoka.

Baba mkwe aliniangalia pia. Sikujua mpaka siku ile kwamba macho yake yalikuwa na rangi ya kahawia hafifu, kama ya mwanawe. Kisha akarudi nyuma, hatua moja, nyingine, nyingine tena, akapinda magoti.

Mkaguzi akapiga. Mpira ukapanda, ukashuka, ukadunda mbele ya mzee, naye akauvuta kama mlango wa zizi. Sauti ile nzito sikuisikia kwa kupitia matofali, ilinifikia wazi. Mpira ukavuka kamba. Mkaguzi akaurudisha, mzee akakimbia upande, akaurudisha tena. Sasa alikuwa anamtazama mwenzake, anamsoma, anamngoja. Walipelekeana mpira ule mara nyingi, watu wakisimama mmoja mmoja kutoka kwenye mabenchi, mpaka mkaguzi mwenyewe akaupiga kwenye kamba. Akacheka, akapangusa paji la uso.

Alipofika kwa mzee kumpa mkono wa pongezi, alinielekezea raketi akauliza huyu mama ni nani.

Baba mkwe angeweza kusema ni mtu wa nyumbani. Angeweza kusema ni mke wa mwanawe, na hilo lingekuwa kweli, na lingefunika mambo. Wazee wote walikuwa wanasikiliza.

"Ni mwalimu wangu," akasema.

Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kitu, akavaa koti lake. Kabla hajaingia motokaani alimwambia mzee kwamba shule ni yake, aendelee nayo. Wazazi walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbilia jikoni.

Jua lilipokuwa linapoa, wale wazee wa rika walikuja nyumbani. Niliwasikia kutoka jikoni nilipokuwa nikipika. Walimpongeza kwanza, wakanywa chai. Halafu mkubwa wao akaanza, kwa lugha ya mzunguko, kwamba furaha ni furaha lakini mila ni mila. Mke wa mwana alikuwa amevuka mpaka. Walitaka wazazi wangu waitwe, walete kuku wa faini, maneno yatakaswe, ama sivyo wake wengine wangeiga. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu nami akichochea moto, na mkono wake ulisimama. Nilijua wana haki. Nilikuwa tayari nimeshaanza kupanga nitamwambiaje mama yangu mzazi.

Mzee aliwaacha waseme mpaka wakamaliza. Akauliza kama kuna mwingine mwenye neno.

"Si mmeniona mwenyewe nikishindwa," akasema. "Nyinyi wote mlikuwa hapo na hakuna hata mmoja alisema kitu, kwa sababu hamjui. Yeye alijua. Sasa niwaulize, bana. Mwanafunzi tangu lini anatoza mwalimu wake faini?"

Mmoja wao aliomba chai nyingine, na mwingine akauliza ule mpira wa baiskeli unatengenezwaje.

Nilikuwa nimeshika mwiko na ugali ulikuwa unaungua. Mama mkwe aliniangalia, akasema kuni za leo zina moshi mbaya. Zilikuwa kavu kabisa. Nililia kwa furaha mbele yake bila kujificha, na yeye akauchukua mwiko mkononi mwangu akaendelea kusonga.